Mkono wa Kike wa Nani

Mtaa mzima unamwita mume wangu Taa, na si kwa sababu anang'aa. Ni fundi wa taa za barabarani. Taa za njia panda zikigoma, madereva wakabaki kupigiana honi na kutukaniana mama, yeye ndiye anayefika na ngazi yake, akapanda polepole kama mtu asiyesubiriwa na yeyote, na akishuka magari yanapita. Hashukuriwi. Taa ikiwaka kila mtu huona ni haki yake. Ikizimika ndipo watu hukumbuka kwamba kuna fundi, tena humkumbuka kwa matusi.

Mama yangu ni nahodha wa kivuko. Anavusha watu, malori, baiskeli, mbuzi na maharusi kutoka ukingo huu wa mto hadi ule, na mto wenyewe ni mpana kiasi kwamba ukimwita mtu wa ng'ambo utapasua koo bure. Mama akikifikisha kivuko gatini, abiria aliyesinzia haamki. Nasema hivi si kwa kuwa ni mama yangu. Nimewaona manahodha wengine wakifika, na wakifika wao hata aliyekufa angeuliza kuna nini.

Mimi nafanya kazi chini yake. Napanga magari sitahani, nafunga kamba, nagombana na madereva. Hiyo ya tatu haimo kwenye mkataba lakini ndiyo inayonichosha, kwa sababu dereva akishaona maji husahau kila alichofundishwa. Anawasha indiketa ya kushoto halafu anakata kulia. Anawasha zote mbili kwa mpigo, akimaanisha ahsante, au samahani, au naenda moja kwa moja, au bado sijaamua. Siku moja nilimuuliza mmoja wao, "Kaka, hizo taa zako zinasema nini?" Akanijibu, "Zinasema niko hapa." Nilimpanga nyuma kabisa, karibu na mbuzi, awaambie wao yuko wapi.

Mama hana mchezo huo. Kwake taa ni maneno, na mtu mzima hatupi maneno ovyo. Alinifundisha nikiwa bado nashika sketi yake. Chombo cha majini kina taa nyekundu ubavu mmoja na ya kijani ubavu wa pili: nyekundu mkono wa kike, yaani kushoto, kijani mkono wa kuume, yaani kulia. Wewe uliyeshika usukani huzioni, maana zimekingwa na ubao zimulike nje tu. Hazikuwekwa kwa ajili yako. Ni za kumwambia mwenzio umeelekea wapi.

"Mkikatana njia," alisema, "ukiona nyekundu yake, umeona mkono wake wa kike. Mpishe. Ukiona kijani yake, yeye ndiye akupishe wewe."

Nikamuuliza kwa nini mkono wa kike ndio upishwe.

"Kwa sababu hata maji yana adabu," akasema. Sikupata jibu lingine mpaka leo, na sijalihitaji.

Taa naye ana masomo yake. Tulipokuwa wachumba, wenzangu walikuwa wanapelekwa kula nyama. Mimi nilipelekwa kuona kisanduku cha chuma kilicho pembeni mwa njia panda. Akakifungua kwa ufunguo, akanionyesha nyaya, akaniambia kwamba taa ikizimika watu hukasirika tu, lakini ikiwaka kijani pande zote mbili, watu hufa. Ndiyo maana ndani ya kisanduku kuna kifaa kimoja ambacho hakina kazi nyingine maisha yake yote ila kuchungulia kama kijani mbili zinawaka pamoja. Kikiziona, kinaua zote na kuacha njano inapepesa kila upande, ili kila dereva ajue hapa hakuna mwenye haki, ingieni kwa akili zenu. Alilieleza hilo kwa mapenzi makubwa hivi kwamba nikajua nitaolewa naye. Mtu anayekiheshimu kifaa kisichoonekana na mtu hawezi kumdharau mkewe.

Sasa, watu hawa wawili niwapendao kuliko wote walikuwa na ugonjwa mmoja: waliheshimiana kupita kiasi. Taa alilelewa na bibi aliyemfunza kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, hapaziwi sauti wala habishiwi, na akisema neno, jibu ni "ndiyo, mama". Mama akija kwetu, mume wangu hupata kazi ya ghafla nyuma ya nyumba. Mama naye, mwanamke anayeweza kumfokea dereva wa lori mpaka lori lenyewe likajirudisha nyuma, akifika mbele ya mkwewe humwita "baba" na kumsemesha kwa sauti ya wodini. Nilikuwa nawaambia, mtakufa hamjajuana. Wote wawili hunitazama kama mtoto aliyekosa malezi.

Kabla ya msimu wa ukungu, taa za ubavuni za kivuko zilikuwa zimechakaa, vioo vimepasuka, maji yanaingia. Fundi wa vyombo alikuwa mbali na hakujulikana atarudi lini. Nikasema, kwani nyumbani hakuna fundi? Taa akaja siku yake ya mapumziko, amevaa shati la kupigia picha kwa heshima ya mkwewe, na juu ya shati hilo mkanda wa zana. Ilikuwa adhuhuri, magari yamejaa, jua kali. Mama yuko juu kwenye chumba cha usukani, injini inanguruma. Taa yuko chini gatini, ameelekea kivuko, kisanduku kipya cha taa katika kila mkono. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Baba, nyekundu mkono wa kike, kijani mkono wa kuume."

"Ndiyo, mama."

"Umenipata?"

"Ndiyo, mama."

Mtu mwingine angeuliza swali moja dogo. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku, lakini nani amuulize mama mkwe habari za mkono wa kike? Akapanda ngazi, akafanya kazi safi: nyaya zimebanwa, kila tundu limezibwa maji yasipite, skrubu zote zimelala sawa. Mama akabonyeza swichi. Kitaa kidogo mbele yake kikamwambia kwamba umeme unafika. Akashukuru kwa sauti ile ya wodini, Taa akainamisha kichwa akaenda zake. Hakuna aliyeteremka kuzitazama kwa mbele. Hata mimi nilikuwa nimezipa mgongo, nabishana na mwenye mbuzi.

Ukungu ukaja. Asubuhi ya kwanza ulitanda mzito, mto ukapotea, gati ikabaki kipande. Mama akawasha taa, akapiga honi, tukatoka tumejaa. Mimi nilisimama mbele kabisa, kwenye ule mlango unaoshushwa magari yapande. Katikati ya mto nikaona taa ya kijani upande wetu wa kushoto. Lilikuwa tishari la mchanga, kile chombo bapa kinachopita kila siku kikiwa kimejaa hadi kingo. Nahodha wake tunamwita Bwana Mchanga. Kijani yake: basi yeye ndiye atupishe. Mama akashika njia yake, kama ipasavyo.

Kijani ikakua. Haikugeuka. Ikakua tena, na nyuma yake likatoka rundo la mchanga, kubwa kama nyumba, linakuja kifuani kwangu.

Sikupata hata muda wa kupiga kelele. Injini ilibadilisha sauti, sitaha ikatetemeka chini ya miguu yangu, kivuko kizima na malori yake kikazuiwa kwa nguvu, kikageuka pale pale. Tishari likapita mbele yetu, ubavu wake ukakwangua mlango nilioshikilia, mchanga ukanimwagikia viatuni. Lori moja likasogea kidogo. Mtoto aliyekuwa akinyonya akaendelea kunyonya. Mama akapiga honi mara moja, fupi, akarudisha kivuko njiani akamaliza kuvusha watu. Nilipotazama juu dirishani nilimwona ametulia, macho mbele. Nilimstahi siku zote, lakini asubuhi ile nilimwona upya.

Mkaguzi wa vyombo alifika jioni ile ile. Alikuwa nahodha enzi zake, mtu wa haki na asiye na haraka. Tukakusanyika katika ofisi ndogo ya gatini: meza, feni iliyogoma, kalenda ya mwaka uliopita. Mama ameketi. Bwana Mchanga ameketi. Taa ameitwa kwa kuwa ndiye aliyefunga taa, amesimama kwenye kona iliyo mbali kabisa na mkwewe. Mimi mlangoni.

"Nani alipaswa kumpisha mwenzie?" Mkaguzi akauliza.

"Yeye," akasema mama. "Niliona kijani yake."

"Yeye," akasema Bwana Mchanga. "Mimi ndiye niliyeona kijani yake. Naapa kwa wanangu."

"Haiwezekani. Mkikatana njia, mmoja akiona kijani, mwingine ataona nyekundu. Mmoja wenu anaongopa, au macho yake yamechoka."

Aliposema macho, watu wakamtazama mama. Ana miwani ya kusomea na mvi ambazo hazifichi. Damu ikanipanda. "Macho ya mama yangu yanaona mpaka dhambi za madereva," nikasema.

"Wewe, nyamaza," akasema mama. Nikanyamaza. Nina hasira lakini sina wazimu.

Mkaguzi akamgeukia mume wangu. "Fundi, taa ulizofunga zinawaka?"

"Zinawaka, mzee."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi." Mkaguzi akashusha pumzi. Nadhani hakufurahia alichokuwa anataka kusema. "Nahodha, mwenzio anabeba mchanga, wewe unabeba roho za watu. Siwezi kukurudisha kwenye usukani nikiwa na shaka na macho yako. Naomba ufunguo."

Ufunguo wa kivuko mama huuvaa shingoni kwa uzi. Tangu niwe na akili sijawahi kuiona shingo hiyo bila uzi huo. Akauvua, akauweka mezani, akaunyoosha uzi vizuri kama anayemtandikia mgeni kitanda. Hakubisha. Niliumia. Niliumia kiasi kwamba nilitaka kumng'ata mtu, na aliyekuwa karibu nami ni Mkaguzi.

Ndipo nikamwona mume wangu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kidole kimoja cha shahada kinaenda mbele, cha pili kinakikata njia, kinarudi, kinakata tena. Naijua sura hiyo. Ndiyo huwa nayo juu ya ngazi anapotafuta waya uliokosea. Vidole vikasimama. Akabadilika rangi.

"Kijani mbili," akasema.

"Unasemaje, fundi?"

Akatazama mlango, akatazama feni, akatazama kalenda. Angeweza kunyamaza. Alikuwa ameulizwa kama taa zinawaka na amejibu kweli. Hakuna ambaye angemrudia.

"Kwenye njia panda," akasema kwa sauti ndogo, "kijani mbili zikiwaka pamoja, madereva wawili wakagongana, wote wawili huapa. Na wote wawili husema kweli. Mwongo si dereva, mzee. Mwongo ni taa. Na taa haijifungi yenyewe."

Mkaguzi akamwonyesha kwa mkono aendelee.

"Kwetu barabarani kushoto ni kwa yule anayeitazama taa. Mama aliniambia nyekundu mkono wa kike. Nilikuwa nimesimama gatini, nimekielekea chombo. Nikaweka nyekundu mkono wangu wa kike. Wangu mimi. Sikuuliza ni wa nani."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ni mama mkwe wangu, mzee."

Bwana Mchanga akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mkaguzi hakucheka. Alisimama, akauchukua ufunguo, akasema twende tukatazame.

Tukatoka. Jua lilikuwa limezama punde, mto una rangi ya chai. Mama akapanda akaziwasha, akashuka, tukasimama sote mbele ya kivuko. Ukitazamana na chombo uso kwa uso, nyekundu yake inapaswa kuwa upande wako wa kulia, kama vile mkono wa kushoto wa mtu anayekutazama. Ilikuwa kushoto kwetu. Inang'aa vizuri, imefungwa kwa ustadi, haina hata tone la maji.

"Kazi safi," akasema Mkaguzi. "Ila kwa taa hizi, kivuko hiki kinasafiri kinyumenyume."

"Mzee, kosa si la mama," Taa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza bila kuulizwa mkwewe akiwepo. "Aliye ndani hazioni taa zake. Hata gari, taa za breki lazima mtu asimame nyuma akwambie zinawaka. Na njia panda ina kifaa cha kuzuia kijani mbili zisiue watu. Mtoni hakuna kifaa hicho. Mtoni palikuwa na mama tu, na alizuia. Wahenga walisema, nyani..."

Akakwama. Mkwewe alikuwa amesimama begani kwake, na methali ile ina mwisho ambao hauwezi kusemwa mbele ya mama mkwe. Nilimwona akitafuta pa kuiteremshia, asipaone.

"Haoni kundule," mama akamalizia. "Sema tu, mwanangu. Nyani mwenyewe ni mimi."

Si baba. Mwanangu. Taa akamtazama usoni, labda kwa sababu alisahau, na dunia haikupasuka.

Kisha mama akamgeukia Mkaguzi, na sauti haikuwa ya wodini tena. "Lakini usinifutie kosa langu. Nyani haoni, ila nahodha ana miguu. Nilipaswa kushuka nizitazame kabla sijabeba watu. Sikushuka kwa sababu niliona nikishuka nitaonekana sijamwamini mkwe wangu. Yeye aliona haya kuuliza, mimi niliona haya kukagua. Tumeheshimiana hadi tukakaribia kuua watu."

Nilikuwa nimesimama kati yao. Hakuna aliyemsukumia mwenzie. Kila mmoja alikuwa anavuta kosa upande wake, kama watu wanaogombea kulipa nauli. Mimi nikawa nafuta macho kwa kamba, na kamba ya kivuko ina grisi.

Bwana Mchanga akamsogelea mama. "Nilikuita mwongo, dada."

"Na mimi nilikuita kipofu."

"Hukuniita."

"Moyoni," akasema mama.

Mkaguzi alikuwa anauzungusha ufunguo kwa uzi wake, anafikiri. "Kivuko hakitoki leo," akasema mwishowe. "Fundi, zibadilishe. Nitakuja kuzitazama mwenyewe. Nahodha, nakupa onyo, na onyo langu linasikika hadi makao makuu. Usukani nitakurudishia kesho. Ila kuanzia kesho, kila jioni na kila siku ya ukungu, chombo hiki hakiachi gati bila mtu wa nchi kavu kusimama mbele yake na kumwambia nahodha anachokiona. Asimwambie mwingine. Amwambie nahodha, kwa sauti, asikie juu ya injini. Utamweka nani?"

Mama akanitazama mimi. Nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema Taa.

Jioni iliyofuata tulipakia mapema. Visanduku vilikuwa vimebadilishwa asubuhi, Mkaguzi amevitazama kwa mbele, kwa kulia na kwa kushoto, na uzi umerudi shingoni pa mama. Taa akaja moja kwa moja kutoka kazini, ngazi begani, akasimama gatini pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Injini ikaanza kunguruma. Taa zikawaka. Mama akatoa kichwa dirishani, akangoja.

Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Nilijua kwamba mume wangu, hata nyundo ikimwangukia mguuni, husema "lo" kwa adabu na kukaa chini. Madereva wakaanza kupiga honi. Nikawageukia, na sura niliyowapa ikawazima wote. Taa akakohoa. Akashusha ngazi chini. Akamtazama mama mkwe wake usoni, akajaza kifua, na sauti iliyotoka sikuijua, maana sikuwahi kuisikia.

"Mama, mkono wa kike, nyekundu!"

Mama akaweka kiganja sikioni, ingawa nina hakika alisikia, na hata ng'ambo walisikia.

"Wa nani?"

"Wa kwako, mama!"

Akaingiza kichwa ndani, nami nikafungua kamba.